Chuo, Shule na Lugha Tatu: Jinsi Mtoto wa Bagamoyo Ajifunzavyo Kiarabu na Kiingereza

Katika mji wa Bagamoyo, na katika vijiji vya pwani vilivyo kaskazini ya Dar es Salaam kama vile Mlingotini, Kaole na Saadani, watoto wengi hukutana na lugha mbili za kigeni kabla hawajatimiza miaka kumi. Kiarabu hukikuta chuoni, au madrasa kama wengi waitavyo siku hizi. Kiingereza hukikuta shuleni. Nyumbani, sokoni na ufukweni wanakoshushwa samaki, lugha yao ni Kiswahili.

Baada ya miaka kadhaa ya masomo hayo huonekana jambo la kustaajabisha. Kijana aweza kusoma Kurani kwa sauti nzuri pasipo kukosea hata herufi moja, na bado asiweze kuomba maji ya kunywa kwa Kiarabu. Kijana huyohuyo aweza kunakili kutoka ubaoni ukurasa mzima wa biolojia kwa Kiingereza, na bado asiweze kueleza maana ya sentensi ya pili. Wazazi na hata baadhi ya walimu husema kwamba kijana huyo ni mvivu, au hana kipaji cha lugha. Isimu, yaani elimu ichunguzayo lugha, inatoa jibu lililo tofauti. Mtu huipata lugha kwa kadiri ya kazi aliyoifanya nayo. Aliyefundishwa kutamka atatamka, na aliyefundishwa kunakili atanakili. Kuelewa ni kazi nyingine, nayo hudai njia yake.

LUGHA YA PILI NA LUGHA YA KIGENI

Wataalamu hutenganisha lugha ya pili na lugha ya kigeni. Lugha ya pili ni ile ambayo mtu hujifunza baada ya lugha yake ya kwanza, na ambayo huisikia na kuitumia katika maisha ya kila siku. Lugha ya kigeni hupatikana darasani tu, na mwanafunzi akishatoka mlangoni haisikii tena.

Mzaramo, Mkwere, Mdoe au Mzigua wa zamani aliyefika pwani kufanya biashara alijifunza Kiswahili kama lugha ya pili. Alikisikia kila mahali, alikosea, akacheka na kuchekwa, kisha akakijua. Kiarabu na Kiingereza havimfikii mtoto wa leo kwa njia hiyo. Kiarabu ni lugha ya ibada, naye hukisikia zaidi kikisomwa kuliko kikizungumzwa. Kiingereza ni lugha ya kufundishia kuanzia Kidato cha Kwanza, lakini njiani kwenda shuleni na kurudi hakuna anayemsalimu kwa lugha hiyo. Kwa hiyo Kiingereza hutazamiwa kufanya kazi ya lugha ya pili, hali mazingira yake ni ya lugha ya kigeni. Hapo ndipo ugumu unapoanza.

SIKIO HUCHUJA SAUTI

Mwanafunzi wa lugha mpya husikia sauti zake kupitia katika sauti za lugha yake. Sikio hufanya kazi kama chujio: tofauti zilizo muhimu katika lugha ya kwanza hupita, na zile zisizo muhimu huzuiwa. Robert Lado, mtaalamu wa Marekani, alilieleza jambo hili kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu kulinganisha lugha.

Kiswahili kina irabu tano: a, e, i, o, u. Kiingereza cha Uingereza kina irabu zipatazo ishirini, zikihesabiwa pamoja na zile zilizoungana. Kwa hiyo maneno matatu, "hat" (kofia), "hut" (kibanda) na "heart" (moyo), huelekea kuingia katika sikio la Mswahili kwa mlango mmoja, mlango wa a.

Katika Kiarabu taabu zaidi iko kwenye konsonanti. Neno "qalb" maana yake ni moyo, na neno "kalb" maana yake ni mbwa. Sauti ya k hutamkwa ulimi ukigusa kaakaa laini; ile ya q hutamkwa nyuma zaidi, karibu na kimio. Kiswahili sanifu hakitofautishi sauti hizo mbili, na ndiyo maana neno la Kiarabu "qabr" limekuwa "kaburi" kwetu, kwa k ya kawaida. Hali kadhalika "tin" kwa t nyepesi ni tunda la tini, na kwa t nzito ni udongo.

Hata hivyo mtoto wa pwani haanzi mikono mitupu. Kiswahili kimekwisha kupokea kutoka Kiarabu sauti za th na dh, kama katika maneno themanini na dhahabu. Sauti hizohizo ndizo zilizomo katika maneno ya Kiingereza "think" na "this", ambayo huwatatiza wanafunzi wengi ambao lugha zao za nyumbani hazina sauti hizo. Aidha, chuoni mtoto hufunzwa tajwidi, yaani sheria za kuipa kila herufi haki yake: itokee wapi kinywani, na irabu ivutwe kwa kiasi gani. Mwalimu wa Kiingereza mwenye wanafunzi wa namna hiyo anao vijana waliokwisha kuzoea wazo kwamba badiliko dogo la ulimi hubadili maana. Yafaa aitumie hazina hiyo.

KITABU NA KILABU

Kiswahili chenyewe ni ushahidi wa jinsi akili ya binadamu ipokeavyo lugha ya kigeni. Silabi ya Kiswahili, kwa desturi, huishia kwa irabu. Kwa sababu hiyo maneno ya Kiarabu "waqt" na "ilm" yamekuwa wakati na elimu. Na maneno ya Kiingereza "bank" na "bill" yamekuwa benki na bili. Lugha hizo mbili ni mbalimbali na nyakati zake ni mbalimbali, lakini kanuni iliyotumika ni moja.

Sarufi nayo hufanya vivyo hivyo. Neno "kitab" la Kiarabu lilipoingia, sehemu yake ya mwanzo ilifanana na kiambishi ki- cha Kiswahili. Basi wasemaji wakasema kitabu, vitabu, ingawa Waarabu husema "kutub" kwa wingi. Baadaye likaja neno la Kiingereza "club", likatiwa irabu na kuwa kilabu. Nalo likapata wingi wake, vilabu. Hakuna kamati iliyokaa kuamua hivyo. Ni akili za wasemaji zilizotafuta utaratibu na kuupata.

Mwanafunzi afanya kazi ileile anapojifunza. Mwaka 1967 S. Pit Corder alieleza kwamba makosa ya mwanafunzi ni dalili za kanuni anazojitungia, na mwaka 1972 Larry Selinker aliipa jina hiyo lugha ya njiani ambayo si ya kwanza wala si ile inayotafutwa. Kijana aandikapo "my mother he is sick", hakukosa akili. Kiswahili humwita mama na baba kwa neno moja, yeye, na kijana amehamisha utaratibu huo. Kosa lilo hilo atalifanya katika Kiarabu, ambacho hutenga mwanamume na mwanamke hata katika vitenzi. Kwa upande mwingine, Kiarabu huweka sifa baada ya jina, na sifa hulifuata jina kwa upatanisho, kama tusemavyo kitabu kikubwa. Hapo Kiswahili humsaidia mwanafunzi wa Kiarabu, lakini humpotosha yule wa Kiingereza, ambaye lazima aseme sifa kwanza. Mwalimu ajuaye mambo hayo huweza kubashiri makosa kabla hayajatokea.

Lakini kufanana kwa maneno kuna mitego yake. Mswahili husema "tafadhali" anapoomba kitu. Mwarabu husema "tafaddal" anapomkaribisha mwenziwe ale, aketi au apite. Vilevile mtu aweza kudhani kwamba safari na sifuri ni za mzizi mmoja, kwa kuwa zote zina s, f na r. Katika Kiarabu s ya safari ni nyepesi na s ya sifuri ni nzito. Ni herufi mbili tofauti na mizizi miwili tofauti.

KUKARIRI NA KUELEWA

Elimu ya chuoni ni ya kale katika pwani hii. Magofu ya msikiti wa Kaole ni ya karne ya 13. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa sehemu za Bagamoyo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya habari za kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Miongoni mwa mambo yaelezwayo humo ni malezi ya mtoto chuoni. Utaratibu wa chuo unajulikana: mtoto hujifunza herufi, kisha irabu, kisha kuendeleza maneno, kisha sura fupi za juzuu ya Amma, mpaka akahitimu. Lengo la hatua hiyo ni kusoma kwa usahihi, na kwa lengo hilo njia yake inafaulu. Watoto wa miaka minane husoma maandishi ya lugha wasiyoielewa pasipo kukosea.

Tena ujuzi huo haukubaki chuoni. Kwa muda mrefu watu wa pwani wasiojua kuzungumza Kiarabu walitumia herufi za Kiarabu kuandikia barua, hati na tenzi za Kiswahili. Herufi zilizofunzwa kwa lugha ya kigeni zikawa chombo cha lugha ya nyumbani.

Ila wengi husahau kwamba chuo kilikuwa na hatua ya pili, yaani darsa. Katika darsa mwalimu husoma maneno machache ya kitabu cha Kiarabu, husimama, huyaeleza kwa Kiswahili neno kwa neno, hutoa mfano, huulizwa maswali, kisha huendelea. Kiarabu ndicho kinachosomwa, na Kiswahili ndicho kinachofumbua maana. Aliyedumu katika darsa miaka mingi hatimaye aliweza kusoma vitabu peke yake.

Bagamoyo ina mfano mkubwa wa mtu wa namna hiyo. Sheikh Yahya bin Abdallah, ajulikanaye zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya, alikuwa mzaliwa wa Manyema katika Kongo ya mashariki. Aliletwa pwani utotoni akiwa mtumwa, akalelewa katika nyumba ya Amir bin Sulaiman al-Lamki. Kiarabu hakikuwa lugha ya wazazi wake, wala Kiswahili hakikuwa lugha ya kwao. Hata hivyo alisoma mpaka akawa mwanachuoni, mwalimu, na kiongozi mkuu wa tarika ya Kadiriya katika Bagamoyo. Alifariki mwaka 1931. Maisha yake yaonyesha kwamba kuzaliwa katika lugha si sharti la kuimiliki, maadamu mtu ameifikia hatua ya kuelewa.

KIZINGITI CHA KIDATO CHA KWANZA

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania. Kiingereza kilibaki somo katika shule za msingi, na lugha ya kufundishia katika sekondari. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba sekondari nazo zianze kutumia Kiswahili kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Clive Criper na Bill Dodd walipima Kiingereza cha wanafunzi, wakaona kwamba ni kama sehemu moja tu ya kumi ya wanafunzi wa Kidato cha Nne waliokuwa wamefikia kiwango ambacho masomo kwa Kiingereza yangeweza kuanza. Maana yake ni kwamba wengi walikuwa wakimaliza sekondari kabla ya kufika mahali walipotakiwa kuanzia. Mjadala haujakwisha tangu wakati huo.

Ukubwa wa tatizo waweza kuonekana kwa hesabu ya maneno. Maneno 2,000 ya Kiingereza yatumikayo zaidi, kama yale ya orodha ya Michael West ya mwaka 1953, hufunika karibu asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Asilimia 80 yaonekana kuwa nyingi. Lakini maana yake ni kwamba katika kila maneno matano, moja halijulikani. Msomaji na aijaribu hali hiyo kwa lugha yake mwenyewe:

"Mmea wa kijani hutumia mtolomo wa jua, maji na hewa ya ng'osho ili kubaluza chakula chake."

Maneno ni 16, na yasiyojulikana ni matatu tu. Hata hivyo somo limepotea, kwa sababu maneno yaliyopotea ndiyo yaliyobeba elimu: mwanga, ukaa na kutengeneza. Mwaka 2006 Paul Nation alikadiria kwamba ili mtu asome maandishi ya Kiingereza bila msaada, akijua maneno 98 katika kila 100, yampasa kujua jamii za maneno zipatazo 8,000 hadi 9,000. Mtoto aliyemaliza shule ya msingi yuko mbali sana na hapo.

Ndipo mwanafunzi hurudia silaha aliyoizoea. Hukariri. Huyaweka kichwani maandishi ya biolojia kama alivyoiweka sura ya Kurani, naye huyatoa siku ya mtihani neno kwa neno. Akiulizwa swali kwa maneno mengine, hunyamaza. Chuoni, kukariri kulikuwa hatua yenye lengo lake, na nyuma yake ilikuja darsa. Katika biolojia kukariri kunachukua nafasi ya somo lenyewe. Hasara yake si ya alama peke yake. Mtoto yule alikwisha kujifunza kwa Kiswahili, katika shule ya msingi, jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Sasa anafanywa ajione kana kwamba hajui kitu.

KISWAHILI KAMA DARAJA

Jim Cummins wa Kanada alieleza mwaka 1979 kwamba ujuzi wa kufikiri na kusoma alioupata mtu katika lugha yake ya kwanza huweza kumfaa katika lugha ya pili, mradi lugha ya pili nayo apewe nafasi ya kutosha. Mtoto aelewaye maana ya uvukizi hahitaji kufundishwa upya kwamba maji hugeuka mvuke. Ahitaji neno jipya la jambo analolijua. Kwa hiyo kukitumia Kiswahili katika kufafanua hakuondoi nafasi ya Kiingereza wala ya Kiarabu, ikiwa mwalimu hakomei kwenye ufafanuzi. Lazima amrudishe mwanafunzi katika lugha inayofundishwa, aseme na kuandika kwa maneno yake mwenyewe.

Njia hiyo ina hatua nne: kusoma kifungu kifupi katika lugha ya kigeni, kukieleza na kukijadili kwa Kiswahili, kuyatoa maneno makuu na kuyaandika kwa lugha zote mbili, kisha mwanafunzi kukieleza kifungu kile, kwa sentensi zake, katika lugha ya kigeni. Hatua tatu za kwanza ni darsa ileile ya pwani. Ya nne ndiyo inayomtoa mwanafunzi katika kusikiliza na kumwingiza katika kusema. Katika miaka ya 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, wakishirikiana na wenzao wa Bristol na wa Chuo Kikuu cha Aga Khan, walitunga na kujaribu vitabu vya Kidato cha Kwanza vyenye Kiingereza chepesi, picha, na maneno makuu yaliyofasiriwa kwa Kiswahili. Vitabu hivyo vilijengwa juu ya wazo hilohilo.

Daraja hilo lina faida nyingine. Maneno mengi ya lugha hizi tatu ni ndugu. Sukari na "sugar", kahawa na "coffee", sifuri na "zero": kila jozi ilipita katika Kiarabu, tawi moja likaja pwani yetu na jingine likaenda Ulaya. Neno aljebra limetoka Kiarabu, likazunguka Ulaya, likatufikia kwa njia ya Kiingereza. Kijana wa Bagamoyo huzifikia lugha mbili za kigeni akiwa tayari na vipande vya zote mbili mkononi.

MAJARIBIO YA DARASANI

1. Mwalimu ataje mara kumi, kwa kuchanganya, maneno "ship" na "sheep", au "qalb" na "kalb". Kila mwanafunzi aandike alilolisikia. Hesabuni waliopata yote. Rudieni jaribio baada ya juma moja la mazoezi, mlinganishe hesabu.

2. Andikeni familia za maneno ya Kiswahili yenye mizizi ya Kiarabu, kwa mfano elimu, mwalimu, taaluma. Au kitabu, katibu, maktaba. Ni herufi zipi tatu zinazoonekana katika kila familia?

3. Chagueni aya moja ya kitabu cha sayansi cha Kiingereza. Pigeni mstari chini ya kila neno lisilojulikana, kisha tafuteni asilimia yake. Je, aya hiyo ni nyepesi au nzito kwa darasa lenu?

4. Nusu ya darasa ikariri aya hiyo. Nusu nyingine iisome kwa hatua nne zilizoelezwa. Baada ya siku tatu, mwalimu aulize maswali matano kwa maneno ambayo hayamo katika aya. Matokeo yajadiliwe na darasa zima.